Nishani na Bustani

Mafundisho ya dini yataja fadhila nne zilizo msingi wa matendo mema: busara, haki, nguvu na kiasi. Katika hizo, nguvu, yaani moyo wa kuikabili hatari bila kutishika, ndiyo isifiwayo upesi na walimwengu, na wafalme huiwekea nishani. Je, nishani hiyo yashuhudia kwamba aivaaye ni mtu mwema? Swali hili lina habari yake papa hapa Kisangani, tangu siku mji ulipokuwa kituo kidogo cha Stanley Falls, karibu na maporomoko ya Wagenya.

Léon Rom alizaliwa Mons, katika nchi ya Ubelgiji. Aliingia jeshini angali kijana, akafika Kongo mwaka 1886. Dola Huru ya Kongo ilipopigana na Waarabu, tangu 1892 hata 1894, alionyesha ushujaa usiokanushika. Yasimuliwa kwamba aliingia ngomeni mwa adui bila kikosi, ili kupatana nao juu ya kujisalimisha. Dola ikampa nishani. Tena vita vile vilitangazwa kuwa vya kukomesha biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilikuwako kweli: hao hao waliokileta Kiswahili hata Tshopo walileta na minyororo.

Mwaka 1895 Kapteni Rom alikuwa mkuu wa kituo. Mwingereza mmoja, Edward Glave, aliyewahi kuitumikia kazi ya Stanley huku Kongo, alipita hapo, akaandika katika daftari lake aliyoyakuta. Waarabu walikuwa wametumwa kuwaadhibu watu walioasi. Wanawake na watoto wengi wakatekwa, na vichwa 21 vya watu vikaletwa kituoni. Kapteni akavipanga kuzunguka kitalu cha maua mbele ya nyumba yake. Glave alifariki Matadi mwaka ule ule; maneno yake yakachapwa gazetini mwaka 1897.

Na Rom huyo hakuwa mtu asiyependa mazuri. Alichora picha, alikusanya vipepeo, alipenda maua. Basi anayedhani kwamba elimu na upendo wa vitu vizuri vyatosha kuulainisha moyo, na aitazame bustani ile.

Wako wamteteao kwa kusema: vita ni vita, na nyakati zile zilikuwa hivyo. Lakini Glave alikuwa mtu wa nyakati zile zile. Hakuwa padri, wala hakuwa mgeni wa Kongo, na bado alichukizwa. Dhamiri haikungoja karne nyingine ili ipate kusema. Tena, hata kama adhabu ya waasi ingalikuwa halali, kuzika wafu ni tendo la huruma, na mwili wa mtu, adui au rafiki, ulifanywa na Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba nguvu huja nyuma ya busara na haki, nayo hupata wema wake kwa kuzifuata hizo. Mnyang'anyi naye huikabili hatari.

Liko jambo zito zaidi, nalo husahauliwa. Katekismu yafundisha kwamba mtu aweza kushiriki dhambi ya mwingine kwa kuamuru, kwa kushauri, kwa kusifu, hata kwa kunyamaza. Vichwa vile havikuja vyenyewe: viliagizwa, vikabebwa na waliotumwa, vikaonwa na wapitaji. Wengi walipita, daftari la Glave ndilo lililosema. Nayo Dola haikumnyang'anya Rom nishani zake.

Rom alifariki mwaka 1924. Hukumu ya roho yake ni ya Mungu peke yake, wala Mkristu hana ruhusa kumtia motoni. Cheo chake na nishani zake zimeandikwa vitabuni. Ya wale 21 halikuandikwa hata jina moja. Kila tarehe 2 Novemba Kanisa huwaombea marehemu wote katika Misa moja, waliouawa pamoja na waliowaua. Mwanafunzi wa dini akiuliza kama ni haki kuwachanganya hivyo, katekista asikimbilie kumjibu kwa neno la msamaha, bali amweleze kwanza maana ya malipizi, na kwa nini mtubu hudaiwa kurudisha alichokitwaa.