Kahawa Baridi na Hukumu ya Kitu Kipya

Kahawa inayolowekwa katika maji baridi saa 12 na zaidi, kisha ikachujwa na kutiwa barafu, haipiti tena motoni baada ya buni kukaangwa. Kwa mzee wa Mtoni, Unguja, aliyezowea kumiminiwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, kashata mkononi, hilo peke yake linatosha: hiyo si kahawa. Kauli hiyo si ya kupuuzwa, maana ina swali zito ndani yake. Kitu huwa chenyewe kwa asili yake, kwa namna kinavyotengenezwa, au kwa kazi yake baina ya watu? Nashikilia hilo la tatu, na hoja naichukua kwenye historia ya kahawa yenyewe.

Kinywaji hiki kilipofika Makka kutoka Yemen, ambako masufi walikinywa ili wakeshe katika dhikri, nacho kilionekana kigeni. Mwaka 1511 Khair Beg, mkaguzi wa masoko wa mji ule, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Matabibu walioitwa kutoa ushahidi walisema maumbile ya buni ni baridi na makavu, kwa hiyo humdhuru mnywaji. Yaani ubaridi ulikuwa shtaka hata pale ilipokuwa inafuka moshi. Wapo walioishika kahawa kwa jina lake, kwa kuwa qahwa katika Kiarabu cha kale lilikuwa jina la mvinyo. Lakini jawabu lililotoka Cairo, kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, halikukiharamisha kinywaji. Lilikemea maovu ya vikao. Hapo hukumu ilikaa mahali pake. Wanazuoni wana kanuni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza, na barafu si dalili. Na baraza tunayoienzi leo kama urithi, pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kwengineko, ni ya ukoo uleule wa vikao vilivyotiliwa shaka Makka.

Atasema mtu kwamba kahawa chungu humzoeza mnywaji subira, na maji baridi hayautoi uchungu wote wa buni. Ni kweli hayautoi. Ila kungoja usiku kucha nako ni subira, na ulimi unaoonja kwa mara ya kwanza hupima kwa kipimo cha ulichozowea, basi ushahidi wake haujatimia. Pingamizi lenye nguvu ni jengine: kikombe kidogo huisha upesi, mtu akakaa aongezwe, akamsikiliza jirani, lakini glasi kubwa yenye mrija huondoka na mwenyewe. Hasara hiyo naikubali na inaniuma, lakini haikuletwa na baridi. Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 jinsi kahawa ilivyokuwa sehemu ya kumpokea mgeni. Mgeni alipokewa na mkono uliomimina na watu waliokaa naye. Kahawa baridi ikigawiwa katika vikombe vidogo barazani, mchana wa joto la kaskazi, inafanya kazi hiyohiyo. Na ya moto inayonywewa na mtu peke yake ndani ya gari imekwisha kuiacha.