Sala Inapokuwa Yangu

Mmoja hukariri Sala ya Bwana kila alfajiri. Mwingine humweleza Mungu shida zake kwa maneno yake mwenyewe, akiwa amebanwa ndani ya daladala. Ni yupi kati yao anayesali sala iliyo yake? Wengi tungemtaja wa pili bila kusita. Tumezoea kudhani kwamba sala ya kurithi ni mali ya kanisa, na kwamba moyo husema kweli pale tu unapojitungia. Mimi naona kipimo hicho hakifai.

Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia Peter Beskendorf, kinyozi wa Wittenberg, kijitabu cha kumfundisha kusali. Humo alieleza jinsi yeye mwenyewe anavyosali, akitumia mambo anayoyajua kila mtoto wa mafundisho: Sala ya Bwana na Amri Kumi. Kila amri aliitafakari kwa namna nne: inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, niungame lipi, niombe nini.

Chukua amri inayokataza wizi. Mama anayeuza nyanya sokoni anaweza kuanza nayo kabla hajapanga mafungu yake. Anajifunza kwamba mali ya jirani ina Mlinzi. Anashukuru kwa mtaji uliosalimika. Anaungama lile fungu la jana, ambamo nyanya zilizopondeka zilikaa chini na nzima zikakaa juu. Anaomba mteja mgeni, asiyejua bei, asipunjwe leo mezani pake. Amri ni ya watu wote, lakini sala hiyo hakuna mwingine awezaye kuisali kwa niaba yake.

Luther hakutaka maneno yake yakaririwe. Alishauri kwamba wazo jema likimjia mtu katikati ya sala, ayaache mengine na alisikilize kwa utulivu. Kisha akamkumbusha kinyozi kazi yake: anayepiga soga huku mawazo yakitangatanga anaweza kumkata mteja pua, hata koo. Wembe humtaka mtu mzima mzima, na sala vilevile.

Hapo ndipo ninapouona umiliki wa sala. Ni yangu ninapokuwamo ndani yake pamoja na deni, hasira na furaha za siku hii, hata kama kila neno nimelipokea kwa wazee. Tena yaweza isiwe yangu hata nikiitunga yote, ikiwa midomo inakwenda nami niko kwingine.

Ndiyo maana Biblia haitupi mtindo mmoja. Hana alisali midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Nehemia alisali palepale mbele ya mfalme Artashasta, baada ya kuulizwa swali na kabla ya kulijibu. Basi mlinzi wa usiku asijilaumu kwa kukosa ibada ya alfajiri, wala anayemuuguza mzazi asidhani anamwibia Mungu muda. Kila mmoja akichukue alichopokea, akiingize katika saa na kazi aliyonayo.

Hata hivyo, njia ya kusali si hirizi. Mwaka huohuo wa 1535, Beskendorf alimchoma kisu mume wa binti yake wakiwa mezani, akamuua. Luther alikuwa miongoni mwa waliomtetea, na kinyozi akafukuzwa mjini badala ya kuuawa. Kisa hicho hunitia hofu kila nikikikumbuka. Mtu aliyeandikiwa mojawapo ya mafundisho bora kabisa ya sala bado alihitaji watu wa kusimama upande wake. Nasi tunaotafuta njia zetu tunahitaji jumuiya inayotujua kwa majina, inayothubutu kutuonya, na inayotuombea siku ambayo sisi wenyewe hatuwezi kufungua kinywa.