Pumzi Iko Tayari, Mifupa Bado

Mwanafunzi aliyezoea mashindano ya kuogelea akihamia mbio za marathoni, kilomita 42.195, moyo na mapafu yake yako tayari. Mifupa na kano bado. Maji humbeba mwogeleaji, ila barabara humgonga kisigino kila hatua. Ndiyo maana namsihi aanze na mwendo mfupi kwenye njia ya vumbi kandokando ya mibuni, hata pumzi ikimshawishi aongeze. Mtaniambia masomo mazito hayampi nafasi. Mbona mwanariadha wa Tanzania, Suleiman Nyambui, alikimbia huku akisoma chuo kikuu kule El Paso, Marekani, akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na marathoni ya Berlin akaja kuishinda baadaye, 1987 na 1988? Kwenda polepole kunamfaa hasa mwenye vitabu: kwa kuanzia, nusu saa ya alfajiri inamtosha.