Mama, Nitilie: Juu ya Deni la Mlo Rahisi

Katika Kiswahili kuna jina la kazi ambalo ndani yake mna sentensi nzima, tena sentensi ya kuomba. Mwanamke apikaye chakula na kukiuza kwa bei ndogo kando ya njia, sokoni au penye vibarua, Watanzania humwita mama ntilie. Mwashi ameitwa hivyo kwa kuwa huaka, na mvuvi kwa kuwa huvua, bali huyu hakuitwa kwa kitendo chake, ameitwa kwa kauli ya mteja wake: "Mama, nitilie." Ni kauli ya mtoto mbele ya chungu cha mamaye. Aitamkaye ana fedha mkononi, na aghalabu ana ndevu. Walakini hasemi "niuzie" wala "nipimie". Husema "nitilie", kana kwamba alichojia si bidhaa bali ni fungu lake katika kile kilichopikwa nyumbani.

Baadaye wenye ofisi walilipenda zaidi jina la mama lishe, yumkini kwa kuona kuwa lile la kwanza linanuka moshi. Jina jipya lina heshima yake, lakini limemtoa mteja ndani ya neno, na mteja ndiye mwenye swali. Je, mtu akishakula mlo wa bei ndogo na kuulipia, amemaliza? Ama kuna kitu kinachobaki juu yake baada ya shilingi kumtoka mkononi?

Mahali pafaapo kuliuliza swali hili ni Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Apandaye kutoka Muheza huiacha michungwa na minazi chini ya mlima, hupita Sigi penye stesheni ya kale ya reli ya Wajerumani, kisha huzunguka kona baada ya kona mpaka akutane na baridi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, wakaotesha miti ya pande nyingi za dunia: mikwinini, mikarafuu, midalasini, mikafuri. Mchai nao ulijaribiwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na leo mashamba ya chai yamevilalia vilima vya Kwamkoro, Bulwa na Monga kama busati lililokatwa kwa mkasi, msitu ukiyazunguka pande zote.

Penye kibarua hapakosi mgahawa. Ule wa mlimani hauna mengi: mabenchi mawili, meza ya mbao iliyotandikwa plastiki ya maua, birika jeusi kwa masizi, kabati la kioo lenye maandazi na vitumbua. Asubuhi ni chai na chapati, na maharage kwa aliyejaliwa zaidi. Mchana ni ugali, wa mahindi au wa muhogo, ambao watu wa Tanga huuita bada, kwa dagaa, kisamvu au mchicha. Orodha ya vyakula haijaandikwa popote, orodha ni jibu la mama kwa yule aulizaye, "Leo kuna nini?"

Mlo wa namna hii si wa Waswahili peke yao. Huko Guangdong, kusini mwa China, na Hong Kong iliyo jirani yake, watu huamkia nyumba za chai wakala vitu vidogo vidogo, vingi vyao vimepikwa kwa mvuke: vifuko vya unga mwembamba vilivyojazwa kamba au nyama, na maandazi meupe laini. Vitu hivyo huitwa dim sum, maneno ambayo hufasiriwa kuwa ni kugusa moyo; na kwenda kuvila huitwa yum cha, yaani kunywa chai. Mswahili ataliona hapo jambo lake mwenyewe. Yeye naye akisema amekunywa chai, huwa amekwisha kula maandazi matatu na bakuli la maharage. Naye pia analo neno vitafunio, lisilotaja kitu hata kimoja na likatosha kwa vyote. Hata neno chai asili yake ni huko China, likapita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kushuka pwani. Na kaskazini mwa Vietnam, mwanzoni mwa karne ya 20, ilizaliwa phở, supu ya tambi za mchele, iliyotembezwa mitaani na wachuuzi waliobeba jiko upande mmoja na vyombo upande wa pili, kwa mzega begani. Vita vilipokwisha mwaka 1975 na Wavietnamu wengi wakahamia Marekani na Ufaransa, bakuli hilo likawa mlo wa bei nafuu wa mtaani huko ugenini. Aghalabu baba yuko jikoni, mama yuko penye fedha, watoto wanapangusa meza baada ya shule. Mlaji husifu bei, akawaambia na rafiki zake. Kwamba bei ile inawezekana kwa sababu watoto wale hawana mshahara, hilo si jambo ambalo mtu huliwaza huku akivuta tambi.

Kiswahili, ambacho mara nyingi kina macho makali, hapa kimefumba jicho moja. Neno rahisi lina maana mbili: kisicho na gharama, na kisicho na taabu. Lugha imeyafunga pamoja mambo yaliyo mbalimbali, na ulimi ukayazoea. Chakula kilicho rahisi kwa mlaji hakikuwa rahisi kwa mtu mwingine yeyote.

Na tukichukue kikombe kimoja tu cha chai hapo Amani. Majani yake yamechumwa kwa mikono, majani mawili na chipukizi, yakatupwa ndani ya kapu lililo mgongoni, juu ya mteremko uliolowa umande; na mchumaji hulipwa kwa uzito wa alichochuma. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania kwa miaka mingi ilishuka kwenda mnada wa Mombasa, ikatafuta wanywaji wa mbali. Iliyobaki ikarudi dukani ndani ya pakiti, mchumaji akaununua tena mkono wake mwenyewe.

Ndani ya kikombe mna iliki pia. Kwa miongo mingi wakulima wa Usambara ya Mashariki waliipanda chini ya kivuli cha miti mikubwa, na pilau nyingi za pwani zilinukia kwa jasho lao. Katika miaka ya 2000 wakulima wa ukanda wa Derema walitakiwa waiache mashamba yao ili vipande vya msitu viungane, wakalipwa fidia. Na hoja juu ya fidia ile, kama ililingana na kilichopotea, haikwisha upesi. Msitu ule una thamani isiyo na shaka: una viumbe na mimea isiyoonekana kwingineko, na ndio unaohifadhi maji ya mto Sigi yanywewayo na mji wa Tanga. Lakini mnywaji wa maji Tanga na mnywaji wa chai ya iliki Unguja, wote wawili, wamekunywa sehemu ya shamba la mtu.

Kisha yuko mama mwenyewe. Kuni alizitafuta jana. Unga aliuumua usiku. Alfajiri alikwisha kupuliza moto, na watoto wake wakapata uji uliobaki baada ya wateja, au kabla yao. Hesabu yake ina bei ya unga, sukari, mafuta na chumvi. Saa zake hazimo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu aliuandika utendi wa kumuusia bintiye, na utumishi wa mke nyumbani ni sehemu kubwa ya wasia ule. Mwana Kupona aliuona utumishi huo kuwa ibada yenye malipo akhera. Mama ntilie ameutoa utumishi ule ule ndani ya nyumba, akauweka kwenye benchi penye kila mpita njia, akautia bei. Ila bei aliyoutia bado ina mazoea ya nyumbani, ambako kazi ya mwanamke haina thamani ya kuandikwa. Wateja hawakumwita mama bure. Jina hilo ni heshima, na ni punguzo la bei pia.

Yuko atakayejibu kwamba hapa hapana swali. Muuzaji ametaja bei kwa hiari yake, mnunuzi ameitoa, wameridhiana. Na kuridhiana ndiyo nguzo ya biashara ya halali. Jibu hili lina nguvu, tena lina adabu kuliko huruma nyingi. Humwona mama ntilie kuwa mfanyabiashara mwenye akili zake, wala si maskini wa kuhurumiwa. Upungufu wake ni mmoja: hudhani kwamba bei imebeba kila kilichopita kati ya watu wawili. Bei hubeba chapati. Haikubeba kule kuamka.

Yuko mwingine, mwepesi wa machozi, asemaye basi na alipwe zaidi; kila mlaji aongeze. Huyu hajamtazama mlaji aliye mbele yake. Mteja mkubwa wa mgahawa wa mlimani ni yule yule mchumaji chai, na kibarua mwenziwe. Bei ikipanda kwa haki ya mama, mchumaji atakunywa chai kavu pasipo kitafunio, au atashinda na njaa mpaka jioni. Maskini anamlisha maskini, na kila mmoja anambeba mwenzake kwa kile asicholipwa. Ukimvuta mmoja juu bila ya kumgusa aliye juu yao wote wawili, umemwangusha wa pili.

Majibu haya mawili yamekosea mahali pamoja: yamechukulia kwamba, kwa kuwa bei ni moja, na deni ni moja. Sivyo. Kwenye benchi lile lile huketi mchumaji, na mtafiti aliyekuja kuchungua vyura wa hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na mtalii aliyekuja kutazama ndege, na afisa aliyepanda kutoka mjini kwa gari la serikali. Wote wametiliwa kwa upawa mmoja, na wote watalipa sawa. Mchumaji akishalipa amelipa, kwani upande wake wa bei alikwisha kuutanguliza shambani. Sukari ya kikombe kile ni ya duka, lakini majani yanamjua. Deni la mtafiti linaendelea. Yeye amekula kwa bei iliyopangwa kwa mfuko wa mwingine. Hakuiba, hakudanganya, amepita tu chini ya kivuli ambacho hakukipanda. Mtu wa namna hiyo anapojisifu kwamba amekula kwa senti chache, maneno yake yana ila hata kama hesabu yake ni sahihi.

Na afisa je? Deni la afisa ni la aina nyingine, nalo lina historia. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya nguvukazi, wachuuzi wadogo wa Dar es Salaam walikamatwa kwa jina la wazururaji, eti hawafanyi kazi. Tangu hapo mama ntilie amefukuzwa mara nyingi na mgambo, sufuria zikamwagwa. Kila kilipoingia kipindupindu yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyoshewa kidole, na mara nyingine kwa sababu ya kweli, maana penye maji machafu chakula safi ni muujiza. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, ili wasibughudhiwe. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu alilazimika kununua ruhusa ya kuwalisha, pamoja na wengine, wale wale waliotumwa kumfukuza. Wengi wao walikuwa wakila hapo, na jina walilomwita wakati wa kula lilikuwa mama.

Hapo ndipo penye uzito wa kauli ya "nitilie". Akitamkiye mtu neno la mwana, amejitia katika daraja ambayo bei haiiondoi. Hakuna amlazimishaye, angeweza kusema "niuzie" akawa salama. Lakini akishapokea sahani kwa jina la umama, akatiliwa mchuzi wa nyongeza ambao haukuwa katika mapatano, hawezi kufuta mdomo na kudai kuwa kilichopita kilikuwa biashara tupu.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika daftari la mkopo. Kibarua hulipwa siku zilizopangwa, na tumbo halina tarehe; kwa hiyo mama hutilia leo na kuandika, akingojea mwisho wa mwezi. Yeye, asiye na benki nyuma yake, ndiye benki ya shamba zima. Kiwanda cha chai kikifungwa, kama cha Mponde huko Bumbuli, katika Usambara ya Magharibi, kilivyofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, huandikwa habari za wakulima, za mwekezaji na za serikali. Daftari za migahawa haziandikwi na mtu. Wadaiwa huondoka mmoja mmoja kutafuta kibarua kwingine, wengine kwa kuaga, wengine usiku. Na mama aliyebaki hana wa kumshitaki, kwa kuwa wengi wao hakuwahi kuyajua majina yao kamili. Aliwaandika kama alivyowaita: Baba Fulani, Mrefu, yule kijana wa kapu jekundu, mwanangu.