Picha ya Kifaru wa Lanet

Tumeulizwa katika darsa yetu: mtu aendaye porini kupiga picha za wanyama wanaokaribia kutoweka, je, atenda kheri au ajitafutia fakhari tu?

Khitilafu ya taswira hatutaikalia sana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, alieleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wako maulamaa waliompinga, nasi twawaheshimu, ijapokuwa wengi wa wafuasi wao wana pasipoti mifukoni.

Swali zito ni jingine. Tulipanda bara hadi Nakuru, tukaingia mbugani kwa lango la Lanet. Humo wamo vifaru weusi na weupe, wamezungushiwa ua pande zote. Katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 hawakutimia hata 400. Hawakufa kwa tauni. Waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Na sisi watu wa pwani tusijitoe, maana nyingi katika hizo zilipita bandarini kwetu, zikaenda Yemen kuwa vipini vya majambia.

Basi tuliona magari manne yamemzingira kifaru na mwanawe, naye azunguka hajui atokee wapi. Kila mtu ataka picha. Nasi, twakiri, tuliinua simu zetu. Tena picha ya simu yaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, na jangili akaisoma. Nia njema haimwondolei mtu wajibu wa kuuliza kitendo chake kitamfikia nani.

Hatusemi picha haina faida. Alipokufa Sudan huko Ol Pejeta, Laikipia, mwezi wa Machi 2018, kifaru dume wa mwisho wa weupe wa kaskazini, picha zake ziliwaliza watu wasiopata kumwona kifaru. Lakini wamebaki majike wawili tu, na machozi hayo yalikuja pembe zimekwisha kuuzwa. Apigaye picha ni shahidi. Na shahidi hutakiwa aseme mapema, wala asimdhuru anayemshuhudia.

Mmoja wetu analo nyumbani jambia la babu yake, lenye kipini cha pembe. Tumemwomba alilete darsani juma lijalo, watoto waelezwe lilikotoka.