"Ndiyo" ya Mtu Asiyekumbuka

Mwaka wa kwanza chuoni nilichukua kozi ya misingi ya kibiolojia ya tabia kwa sababu ratiba ilinifaa, basi. Siku moja tukafika kwa H.M. Kwenye slaidi hakuwa na sura, herufi mbili tu. Tukanakili: hipokampasi ikiondolewa pande zote, kumbukumbu mpya hazikai. Tukageuza ukurasa.

Jina lake Henry Molaison, wa Connecticut, Marekani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27 na kifafa kisichosikia dawa, daktari William Scoville alimwondolea sehemu hiyo ya ubongo. Kifafa kilipungua. Lakini ukishaongea naye, ukatoka kidogo na kurudi, mnaanza salamu upya.

Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone mkono unavyogoma! Siku ya tatu Henry alikuwa fundi, na hakukumbuka kuwahi kuifanya. Mkono umejifunza, mwenye mkono hana habari. Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Kicheko kilinikauka likizo, nilipomkuta baba mdogo kakaa na bibi na karatasi za shamba. Bibi siku hizo alikuwa akiniuliza mara tano kwa saa kama nimekula. Akaulizwa kuhusu shamba, akasema, "Sawa mwanangu," akanyoosha kidole gumba. Nikapiga kelele: hiyo si ridhaa, kesho hatakumbuka!

Usiku nikamkumbuka Henry. Alipimwa kwa zaidi ya miaka 50. Waliomjua wanamsifu kwa upole na kupenda kusaidia, na siamini walimtendea kama baba mdogo. Sayansi ya kumbukumbu inamdai shukrani, hata ile itakayowasaidia akina bibi. Sawa. Ila mimi na wewe tukiombwa jambo lile lile mara ya mia, tunachoka, tunasema yatosha. Kuchoka huko ni ngao. Henry hakuwa nayo. Kila ombi kwake lilikuwa la kwanza, na kwa mpole ombi la kwanza halikataliki.

Alifariki 2008, ndipo jina lake likatangazwa. Mwaka uliofuata ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401.

Baba mdogo alikunja karatasi zake akaondoka. Bibi akanigeukia, akaniuliza kama nimekula.