Mtaro wa Marikiti na Faradhi Kifaya

Asubuhi moja ya masika, baada ya mvua kunyesha usiku kucha na kuanua karibu na adhana ya alfajiri, nilisimama ubavuni mwa Marikiti, soko lile ambalo Waingereza walilipa jina la Mackinnon na watu wa Mombasa wakalikataa jina hilo, wakalitwaa neno la Kiingereza la soko lolote na kulifanya jina la soko hili moja tu, nikautazama mtaro uliokuwa umezibwa. Maganda ya machungwa, majani ya migomba, vipande vya magunia, na ile mifuko ya plastiki ambayo ilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini hujizaa upya kwa sura nyingine, vyote vilikuwa vimekusanyika mahali pamoja, na maji meusi yamepanda juu ya njia. Watu wanne walikuwa wakijadiliana kando yake. Mwenye duka la viungo alisema kwamba yeye hutoa ushuru, na aliyetoa ushuru hadaiwi. Mama auzaye mchicha alisema taka zilizomo si zake, kwa kuwa yeye hauzi machungwa. Hamali mwenye mkokoteni alisema yeye ni mpita njia. Wa nne, mzee aliyekuwa akitoka msikitini na kanzu yake kaikunja hadi magotini, aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Wanangu, hiyo kazi ya serikali." Kwa neno hilo wakaafikiana, wakatawanyika, na maji yakabaki pale pale.

Nimelifikiri sana neno la mzee yule, si kwa kuwa ni uongo, maana ni kweli tupu, bali kwa kuwa ni mas'ala ya fikihi kabla ya kuwa ni mas'ala ya utawala, na sisi watu wa mwambao, tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii na kufundishwa hukumu hizi vyuoni tukiwa na umri wa miaka saba, hatuna udhuru wa kutoyaona. Kila mtoto wa chuoni ajua kwamba faradhi ni namna mbili. Iko faradhi aini, kama sala na saumu, ambayo kila mtu hudaiwa kwa nafsi yake wala hawezi kutendewa na mwingine. Na iko faradhi kifaya, ambayo hudaiwa umma mzima kwa jumla, wakiitenda baadhi yao waliobaki huwa wameokoka, na wasipoitenda wote, basi wote wamepata dhambi. Mafundisho haya huishia hapo, mwalimu akafunga kitabu, na wanafunzi wakaondoka na fahamu ya kwamba faradhi kifaya ni ile ambayo mwingine ataitenda.

Lakini tazama lafudhi yenyewe. Faradhi huanguka *ikisha kutendwa*. Haianguki kwa kuteuliwa mtendaji, wala kwa kulipwa mshahara wake, wala kwa kuandikwa jina lake kwenye mlango wa ofisi. Lau watu wa mtaa wangemwajiri mwosha maiti, wakampa ujira wake wa mwaka mzima kabla, na siku ya kuhitajiwa asije, hakuna fakihi ambaye angewaambia waende zao majumbani kwa kuwa wamekwisha kulipa. Maiti angali pale, na dhima ingali juu ya shingo zao.

Mfano wa maziko nimeutaja kwa kusudi, kwa sababu ndiyo faradhi kifaya ambayo Mombasa huitenda kwa ukamilifu usio na mfano. Mtu akifariki Mkanyageni baada ya alasiri, kabla ya magharibi habari imekwisha kuenea misikitini. Mmoja amekwenda kutafuta kafani, mwingine kaburi, mwingine analeta jeneza, na vijana ambao hawakumjua marehemu hata kwa sura hugombania bega la kulibebea. Hapana aulizaye nani amelipa ushuru. Hapana asemaye kwamba marehemu hakuwa wa ukoo wake. Basi watu hawa hawa, wenye nidhamu hii kubwa isiyoandikwa mahali, kwa nini hushindwa na mtaro wa urefu wa hatua ishirini?

Jawabu moja ni kwamba maiti ana uso na mtaro hauna. Jawabu la pili, ambalo naliona ni zito zaidi, ni kwamba maziko ni elimu iliyo mikononi mwa wote, ilhali mpango wa mji tumeuacha ukawa siri ya wachache. Huandikwa kwa Kiingereza, husomwa katika kumbi zenye viyoyozi, na tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni yao aghalabu huchapishwa katika gazeti ambalo muuza mchicha hafungii hata bilingani. Akija kuambiwa baadaye kuwa alishirikishwa, huwa ni kama aliyeambiwa kuwa alihudhuria harusi kwa kupita mbele ya nyumba.

Imamu Ghazali, katika *Ihyaa*, aliwalaumu wanachuoni wa zama zake kwa jambo lililo karibu sana na hili. Alihesabu utabibu na elimu ya hesabu miongoni mwa faradhi kifaya, pamoja na kazi ambazo dunia haisimami bila yazo kama kilimo na ufumaji, kisha akashangaa kuona miji isiyokuwa na tabibu hata mmoja miongoni mwa Waislamu, huku kila mwanafunzi akikimbilia mabishano ya fikihi ambayo wenye kuyatosheleza wamekwisha kujaa. Na mwalimu wake, Imamu Juwaini, alikwenda mbali zaidi: aliona kwamba mwenye kusimama na faradhi kifaya ana fadhila kuliko mwenye kusimama na faradhi aini, kwa kuwa huyu wa pili huiokoa nafsi yake peke yake, na yule wa kwanza huuondolea umma wote dhambi. Kwa kauli hiyo, karani wa mipango anayekataa kutia sahihi jengo lisilo na njia ya maji machafu aweza kuwa katika ibada iliyo tukufu kuliko sunna zetu nyingi. Sijui kama karani mwenyewe amepata kuambiwa.

Hapa mwenye duka la viungo atanipinga, na ana haki. Atasema: hazina ipo, na mimi huijaza. Jambo hili Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alilizungumza kwa uwazi katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Alisema kwamba maji ya mji yakikatika au kuta zake zikibomoka, gharama ni ya baitulmali wala wenyeji hawalazimishwi. Ama baitulmali ikiwa haina kitu, amri ya kutengeneza huwageukia wenye uwezo wote wa mji ule, pasi na kutajwa mmoja wao kwa jina. Basi mwenye duka akiwa ametoa na hazina ina kitu, hadaiwi koleo. Nakiri. Lakini hudaiwa jambo jingine, ambalo labda ni gumu kuliko koleo: kuuliza. Wanachuoni wa Kishafii walisema kwamba katika faradhi kifaya, aliye karibu na jambo hana udhuru wa kusema hakujua, kwa sababu ilimpasa kutafuta habari. Jirani wa maiti asiyeuliza kwa nini mlango haujafunguliwa siku tatu hawi sawa na mtu wa mji wa mbali. Na nani aliye karibu na mtaro wa Marikiti kuliko mwenye duka ambaye mlango wake hufunguka juu yake?

Sheria ya nchi nayo, kwa bahati, haikuenda mbali na kauli hizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na ikataja vizazi vijavyo pamoja na vilivyopo; na katika kifungu cha 69 ikamwekea kila mtu, si serikali peke yake, wajibu wa kushirikiana katika kuyahifadhi. Jedwali la Nne likazikabidhi serikali za kaunti masoko, uzoaji wa taka na mipango ya maendeleo. Watu wengi hukisoma cha 42 na Jedwali, wakakiruka cha 69, kama mtu anayesoma aya za malipo na kuziacha za amali.

Kusema kweli fikihi ya kale haikuwa na jina la mpango wa mji, lakini ilikuwa na jambo lenyewe. Kisima kilikuwa na harimu yake, yaani eneo la dhiraa kadhaa kukizunguka ambamo mtu hachimbi kisima kingine kitakachokipunguza, wala shimo litakalokichafua. Na imepokewa kwamba watu wakihitilafiana katika upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Nani alihitaji hukumu hizi kuliko sisi? Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu kama sifongo, na kinachomwagwa chooni huku hutokea kisimani kule. Leo maji ya kunywa ya Mombasa hutoka mbali: Mzima huko Tsavo, Baricho penye mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, Tiwi upande wa kusini. Tumeviharibu visima vya nyumbani, kisha tukawa wageni wa visima vya wenzetu, na harimu yetu sasa imefika hadi Tsavo bila ya sisi kutambua kuwa tuna majirani huko.

Ama juu ya ardhi, tazama Kibokoni na Kuze. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mkoko, orofa moja au mbili, zikanyoosha roshani zao za mbao njiani kama watu wanaotoa shingo kuutafuta upepo. Mwaka 1990 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, yalitoa mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale, nao ulikuwa mpango mzuri, wenye kujali milango na mabaraza na kimo cha majengo. Tangu wakati huo majumba ya zege yamekuwa yakipanda, maana mji umejaa, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,208,333 katika kaunti nzima, nao hawana budi kulala mahali. Siwalaumu wanaojenga wote pamoja. Mjane mwenye kiwanja na watoto sita hawezi kuambiwa ale historia. Lakini Ghazali, alipozitaja haki za jirani, alileta riwaya ya kwamba mtu asimpandishie jirani yake jengo likamzuia upepo ila kwa idhini yake. Mabingwa wa hadithi wameidhaifisha riwaya hiyo, naam. Ila joto la Februari ndani ya chumba kilichozibwa dirisha lina isnadi yenye nguvu.

Yako pia mambo yaliyotendwa, na kuyanyamazia ni dhulma. Tuta la Makupa, ambalo kwa muda mrefu liliuziba mkondo wa bahari nyuma ya kisiwa, limepata daraja, lililofunguliwa mwaka 2022, na maji sasa hupita chini yake yakaenda na kurudi kama yalivyoumbwa. Na jaa la Kibarani, lililomlaki kila mgeni kwa moshi na uvundo pale pale penye mlango wa mji, lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa miti. Ila katika hili la pili nafsi yangu haitulii. Taka zilielekezwa Mwakirunge, bara ya kaskazini, na Mwakirunge kuna watu, kuna watoto, kuna akina mama wanaoanika nguo. Kuhamisha najisi kutoka nguo yangu hadi nguo ya jirani si kuitwaharisha.

Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaazi wa Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge upande wa magharibi ya kisiwa, walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sababu ya sumu ya risasi iliyowaingia mwilini kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilichokuwa ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Lililonivutia katika hukumu ile ni namna jaji alivyoigawa dhima kwa mafungu: idara hii fungu lake, wizara ile lake, kampuni lake, hata ikatimia mia. Mahakama haina njia nyingine, kwa kuwa fedha hugawanyika. Lakini fakihi, akiulizwa kuhusu faradhi kifaya iliyoachwa, hagawi. Kila aliyejua na akaweza na akaacha ana dhambi yake nzima, na wingi wa washirika haumpunguzii hata chembe. Kumi wakimwacha mtu mmoja azame, hawakumzamisha kila mmoja sehemu ya kumi. Nadhani hapa ndipo lilipo lile lililokuwa likinisumbua katika afikiano la watu wanne kando ya mtaro: waligawana, na kila mmoja akaona kilichomfikia ni kidogo mno hata hakistahili kuinamiwa.

Nilikuwa ningali pale, nikinywa kahawa chungu kwa mwenye dele, iliposikika shahada kutoka upande wa Mji wa Kale. Likatokea jeneza, limefunikwa kitambaa cha kijani, likielekea makaburini Kikowani. Mwenye duka la viungo aliteremsha nusu ya mlango wake akatoka. Hamali aliweka mkokoteni kando, akajipangusa mikono, akatafuta nafasi ya bega. Mzee wa kanzu alikuwa amekwisha kuingia safu ya nyuma. Walipofika penye mtaro, wale wa mbele walisita kidogo, wakaliinua jeneza juu zaidi ili lisiguswe na maji, wakatia miguu ndani ya yale maji meusi hadi vifundoni, wakavuka, na wa nyuma wakawafuata mmoja baada ya mmoja, kila mtu akimshika mwenziwe asiteleze.